Jifunze Kutua Upya Baada ya Kuteguka Kifundo

Msichana aliyeteguka kifundo cha mguu kwenye mpira wa pete hurudi uwanjani mapema kuliko inavyofaa, na sababu yake ni kwamba anatembea bila kuchechemea. Uvimbe umeshuka, anapanda daladala, anachota maji, anatumwa dukani na kurudi. Basi yeye na kocha wake wanahesabu kwamba amepona. Kwenye mechi ya pili au ya tatu anaruka kudaka pasi ya juu, anashukia mguu uleule, na kifundo kinapinduka palepale kilipopinduka mwanzo.

Ushauri huu ni wake, ni wa mwalimu wa michezo anayepanga kikosi cha UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na ni wa mama anayempokea binti mlangoni akiwa ameshikiliwa mabegani na wenzake. Kutembea hakupimi kifundo cha mchezaji wa pete. Kinachokipima ni kutua. Na mtu aliyeteguka hurudi na mguu usiojua tena kutua, hata kama hauumi.

Tazameni mchezo wenyewe unavyodai. Katika kikapu, aliyedaka mpira anaweza kuudunda na kuendelea na mbio, kasi ikamwishia taratibu. Pete haimpi nafasi hiyo. Ukidaka mpira hewani ukatua kwa mguu mmoja, mguu huo ukishauinua huruhusiwi kuurudisha chini kabla mpira haujakutoka mkononi, na mkononi unakaa sekunde 3 tu. Mbio zote ulizokuja nazo zinapaswa kuishia hapo, juu ya mguu mmoja. Watafiti waliowapima wachezaji wakitua juu ya vibao vya kupimia nguvu wamekuta kishindo cha kutua kikifika mara 3 hadi 5 ya uzito wa mwili. Msichana wa kilo 55 anapokea kitu kama kilo 165 hadi 275, kufumba na kufumbua, na anapaswa atulie, ageuke na atoe pasi iliyonyooka. Haishangazi kwamba kifundo ndicho kinachoongoza kwa majeraha katika mchezo huu.

Mara nyingi mguu hukunjikia ndani: wayo unatazama mguu mwingine, vidole vimeelekea chini, uzito wote unaangukia ukingo wa nje. Kano ya kwanza kuvutika au kuchanika ni ile fupi iliyo mbele ya nundu ya mfupa ya upande wa nje. Ikizidiwa, inafuata ile iliyo chini ya nundu, inayoshuka hadi kwenye kisigino. Kano hizi zinashikilia mifupa, lakini zina kazi nyingine isiyoonekana kwa macho. Mwaka 1965 daktari wa mifupa wa Uingereza, M. A. R. Freeman, pamoja na wenzake, walitoa hoja kwamba ndani ya kano na ngozi ya kiungo mna miisho ya neva inayoupa ubongo habari za mkao wa mguu, na kwamba kano ikichanika habari hizo nazo zinapungua. Ndiyo sababu wagonjwa wao walilalamika kuwa mguu "unawaachia" ghafla ingawa maumivu yalikwisha. Walipendekeza mazoezi ya kusimama juu ya ubao unaoyumba, na ubao huo unatumika hadi leo duniani kote.

Tangu wakati huo hoja imepanuka. Leo tunajua kwamba tatizo halikai kwenye kifundo peke yake. Baada ya kuteguka mguu mmoja, watu wengi hupoteza uthabiti hata wanaposimama kwa mguu mzima, kwa sababu ubongo ndio uliobadilisha namna ya kuuendesha mwili. Kwa hiyo unapoulinganisha mguu ulioumia na mwenzake, usiufanye mwenzake kuwa kipimo cha ukamilifu. Fanyisha mazoezi miguu yote miwili.

Kuna jambo jingine ambalo makocha wengi hawajaambiwa, nami naliona ndilo kiini cha kazi yote. Misuli inayozuia wayo usikunjikie ndani iko upande wa nje wa muundi. Mguu unapoanza kupinduka, misuli hiyo hupata habari, hushtuka, kisha ndipo huvuta. Safari hiyo yote inachukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kifundo kinaweza kuwa kimekwisha kuumia. Anayesubiri ardhi imwambie kuwa ametua vibaya amechelewa. Misuli inapaswa kuwa imeshakaza wakati mguu ungali hewani. Watafiti wa University College Dublin, Ireland, waliwapima watu wenye vifundo vilivyolegea baada ya kuteguka mara kwa mara, wakakuta kwamba wakishuka kutoka juu wayo wao unakuwa tayari umeinamia ndani kidogo kabla ya kugusa chini, na misuli ile ya nje inafanya kazi kidogo kuliko ya watu wenye vifundo vizima. Kosa linatendeka angani. Mazoezi yanayosubiri mguu ufike chini hayalifikii.

Kabla ya kufika kwenye mazoezi, maneno machache juu ya siku za mwanzo. Asiyeweza kupiga hatua 4 kwa mguu huo, hata kwa kuchechemea, apelekwe hospitali apigwe eksirei. Vivyo hivyo anayeumia ukibonyeza mfupa wenyewe, yaani ukingo wa nyuma au ncha ya nundu ya nje au ya ndani, au mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa wayo. Mtoto ambaye bado anakua akiumia juu ya mfupa, usibahatishe, kwa sababu sehemu laini ambayo mfupa hukulia inaweza kuwa ndiyo iliyoumia. Kama hakuna dalili hizo, funga bandeji ya kubana bila kuzuia damu, inua mguu, tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kupunguza maumivu, na anza kuchezesha kifundo juu na chini mapema iwezekanavyo. Kukanda kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu siku ya kwanza kunaongeza uvimbe. Najua bibi zetu wanakanda kwa mapenzi, na siwadharau. Waambieni wasubiri siku chache, na wasivute wala kuzungusha mguu kwa nguvu. Na msimlaze mtoto wiki nzima bila kukanyaga: kifundo kinachobebeshwa uzito taratibu, kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu, hupona vizuri kuliko kilichofungiwa.

Sasa tufike kwenye kazi. Kwanza angalia kama kifundo kinakunjika. Simama ukiutazama ukuta, weka kidole gumba cha mguu sentimita chache kutoka ukutani, sukuma goti mbele liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Sogeza mguu nyuma kidogo kidogo hadi goti lisifike tena. Pima umbali huo kwa rula, kisha pima mguu wa pili. Baada ya kuteguka upande ulioumia mara nyingi unakuwa nyuma, na hasara yake ni kubwa: kifundo kisichokunjika hakiwezi kupokea kishindo, kinakipeleka kwenye goti na mgongo. Isitoshe, kinamlazimisha mchezaji kutua akiwa juu ya vidole, na hapo ndipo kiungo kinapolegea zaidi. Mfupa unaokaa ndani ya kifundo ni mpana mbele na mwembamba nyuma. Vidole vikielekea chini, ule upande mwembamba ndio unaoingia kwenye nafasi yake, na kiungo kinacheza. Zoezi la goti ukutani lenyewe ndilo dawa. Lifanye kila siku hadi pande zote mbili zilingane au zikaribiane sana.

Nguvu haina haja ya maelezo mengi. Inuka kwa vidole vya miguu, kwanza miwili kisha mmoja, ukipanda polepole na kushuka polepole zaidi. Chukua kipande cha tyubu ya baiskeli, kifunge kwenye mguu wa kitanda, kizungushe mbele ya wayo na uvute kwenda nje, ili ile misuli ya upande wa nje wa muundi ifanye kazi. Usisahau nyonga: lala ubavu, inua mguu wa juu ukiwa umenyooka. Nyonga dhaifu inauacha mwili uyumbe pembeni, na kifundo ndicho kinacholipa.

Kusimama kwa mguu mmoja ni zoezi dogo linalodharauliwa. Lifanye ukipiga mswaki asubuhi na jioni. Ukiweza kukaa nusu dakika bila kugusa chini, fumba macho. Ukiweza tena, simama juu ya blanketi lililokunjwa au juu ya mchanga. Kisha chora kwa chaki sakafuni mistari mitatu kutoka pale unaposimama: mmoja mbele, mmoja nyuma kwenda nje, mmoja nyuma kwenda ndani. Simama kwa mguu mmoja kwenye makutano, na kwa mguu wa pili fikia mbali uwezavyo juu ya kila mstari, uguse kidogo, urudi. Weka alama. Utafiti wa mwaka 2006 wa wanafunzi wa sekondari waliocheza kikapu Marekani uligundua kwamba waliokuwa na tofauti ya zaidi ya sentimita 4 kati ya mguu na mguu kwenye mstari wa mbele walikuwa na uwezekano wa kuumia miguu mara 2.5 zaidi ya wengine. Chaki na rula vinamtosha mwalimu wa shule yoyote.

Kutua kwenyewe kunaanzia kwenye kitu kifupi: ngazi moja ya veranda, kama sentimita 20. Simama juu yake, jiachie ushuke, tua kwa miguu miwili, utulie hapo hapo. Miguu iwe chini ya nyonga, upana wa nyonga, isivukane. Mguu unaotua ukiwa umevuka katikati ya mwili unafika chini kwa ukingo wa nje, na hapo ndipo kuteguka kunapoanzia. Magoti yakunjike yakielekea upande wa vidole, nyonga zirudi nyuma kidogo kama anayetaka kukaa, kifua kiwe juu. Sehemu ya mbele ya wayo iguse kwanza, na kisigino kifuate mara moja. Pokea ardhi kama unavyopokea yai ulilorushiwa, viungo vikirudi nyuma pamoja nalo. Sikiliza pia: mwenye kutua vizuri hasikiki sana. Kocha anaweza kuwapa mgongo wachezaji wake na kujua kwa masikio tu nani bado anatua kwa mguu mgumu.

Kisha tulia kwa sekunde 3. Muda huo ndio mchezo unaokupa kuushika mpira, na ndio pia unaofichua ugonjwa. Aliyeteguka hutua, akafika chini salama, halafu anaanza kutikisika: wayo unahangaika, mikono inapepea, mwishoni anarusha mguu wa pili. Watafiti hupima kwa mashine muda ambao mwili unachukua kutulia baada ya kutua, na watu wenye vifundo visivyo imara huchukua muda mrefu zaidi. Uwanjani saa ya mkononi na jicho la kocha vinatosha. Asiyeweza kutulia sekunde 3 arudi hatua moja nyuma kwenye mazoezi.

Miguu miwili ikitulia vizuri, tua kwa mmoja. Anza na kuruka mbele kidogo. Usiharakishe kwenda juu, kwa sababu kimo si kigumu kama mwelekeo. Ruka pembeni kwenda nje, kisha kwenda ndani, kisha kimshazari, kisha zunguka robo ya mduara hewani utue ukitazama upande mwingine. Kutua kwa pembeni ndiko kunakokiweka kifundo majaribuni, na ndiko makocha wengi wanakokusahau kwa sababu kuruka mbele kunaonekana vizuri zaidi. Katika kila mruko, mguu ungali hewani, jiambie "tayari": vidole vimeinuka kidogo, wayo umesawazika, misuli ya nje imekaza. Baada ya siku nyingi za kurudia, mwili utafanya wenyewe.

Hapa kuna mtego ambao naomba mwalimu wa michezo ausome mara mbili. Watu wenye vifundo vilivyolegea huegemea macho kuliko wengine ili wasianguke: habari zinazopungua kutoka kwenye kano, jicho linazifidia. Mazoezini, akitua akiutazama mguu wake, anaonekana amepona kabisa. Lakini kwenye mechi macho yako kwenye mpira. Yako juu, yanafuata pasi, yanamtafuta mfungaji aliye wazi kwenye duara. Msaada wa macho umeondolewa, na kifundo kinabaki na kidogo kilicho nacho. Kwa hiyo zoezi lisiishie kwenye kutua kimya kimya. Mrushie mpira akiwa hewani. Mrushie juu, kushoto, kulia, bila kumwambia ni wapi. Akishadaka, mwenzake anyanyue vidole na yeye ataje idadi kabla ya kutoa pasi. Mwenzake mwingine amguse bega kwa kiganja wakati wa kutua, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu ya mechi. Halafu mrudie mwishoni mwa mazoezi akiwa amechoka, maana mguu uliochoka hutua tofauti na ule wa dakika ya kwanza. Mchezaji asiyepitia hayo hajajaribiwa.

Uwanja nao una sehemu yake. Viwanja vingi vya shule zetu ni udongo wenye mashimo, au simiti iliyopasuka na mchanga juu yake. Kabla ya mazoezi, wanafunzi wapite mstari mmoja wakiokota mawe, wafagie mchanga ulio juu ya simiti, wajaze mashimo ndani ya maduara mawili ya kufungia, kwa sababu huko ndiko miruko inakorundikana. Kisha fundisha adabu ya nafasi. Sheria ya pete inamkataza mchezaji kuingia mahali ambapo aliye hewani amekwisha elekea kutua, na kuteguka kwingi kubaya hutokea kwa kutua juu ya mguu wa mwingine. Kocha anayelipigia filimbi kosa hilo mazoezini anaokoa vifundo vya timu zote mbili.

Kuhusu kifaa cha kufunga kifundo na plasta: vinasaidia, hasa kwa aliyewahi kuteguka, nami nashauri avae kwenye mechi na mazoezi kwa miezi ya mwanzo baada ya kurudi. Plasta hulegea kadiri mchezo unavyoendelea, hivyo kifaa cha kufunga kwa kamba kina faida kwa mwenye uwezo wa kukipata. Kisitumike kumrudisha uwanjani msichana ambaye bado hawezi kutulia kwa mguu mmoja.

Kuna anayeuliza kama inafaa kutumia muda wote huu kwa "enka tu". Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya wanamichezo 522 waliokuwa wameteguka. Nusu yao walipewa mazoezi ya uthabiti ya kufanya nyumbani wenyewe, mara 3 kwa wiki kwa wiki 8, bila msimamizi. Hatari ya kuteguka tena ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Huko Wisconsin, Marekani, mazoezi ya aina hiyo kwa wanafunzi wa kikapu na soka yalipunguza kuteguka kwa asilimia 38, nao waliyaendeleza dakika 10 mara 3 kwa wiki msimu mzima. Kwa upande mwingine, utafiti wa Dublin uliotoka mwaka 2016, uliofuatilia watu walioteguka kwa mara ya kwanza, ulikuta asilimia 40 kati yao wakiwa bado na kifundo kisicho imara baada ya mwaka mmoja. Miongoni mwa dalili za mapema ilikuwa kushindwa kumaliza majaribio ya kuruka na kutua katika wiki 2 za mwanzo. Kushindwa huko kusikuvunje moyo. Kuchukulie kama taarifa kwamba wewe ni miongoni mwa wanaohitaji mazoezi haya zaidi.

Usiniulize ni siku ngapi, kwa sababu kalenda haijui kano yako. Rudi pale goti linapofika ukutani sawasawa, mistari ya chaki inapokaribiana, na unapotua kwa mguu mmoja kwenda pande zote, ukidaka mpira, na kutulia sekunde 3 bila kutikisika mara nyingi mfululizo. Kocha asimpe mechi nzima siku ya kwanza. Mchezo una robo 4 za dakika 15. Ampe robo moja, na isiwe ya mwisho ambapo wote wamechoka na pambano limekuwa kali. Kesho yake asubuhi, kabla hajavaa viatu, mchezaji atazame kifundo. Kama hakijavimba na goti linafika ukutani palepale pa jana, mechi inayofuata apewe robo mbili. Kimevimba au kimekaza, arudi kwenye mazoezi kwa siku kadhaa, kisha ajaribu robo moja tena. Na ikiwa wiki 6 zimepita naye amefanya kazi yake kwa uaminifu, lakini mguu bado unamwachia akitembea kwenye ardhi isiyo sawa, au kiungo kinanasa, au kuna maumivu ya ndani kabisa yanayorudi kila akiruka, basi aende kwa daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia na amweleze ni katika kutua kwa namna gani tatizo linajitokeza, maana akisema tu kwamba "mguu unauma" ataambiwa apumzike.